Biashara ndogo ya Dodoma itangazwe kwa kalenda ya Dodoma

Wenye biashara ndogo wengi hapa Dodoma wakipata fedha kidogo ya kujitangaza hufanya moja kati ya mambo mawili. Wanachapisha bango jipya, au wanamlipa mtu mwenye wafuasi wengi Instagram awapostie. Baada ya siku chache simu zinaita kweli. Mmoja anapiga kutoka Mwanza, mwingine Mbeya, mwingine yuko Mbagala. Wote wanauliza bei, na wakisikia duka liko Nkuhungu wanashukuru na kukata. Fedha imekwenda, na mtaa wa pili bado haujui kama duka lipo.

Kwa maoni yangu biashara hizi zimepungukiwa mpango kuliko zilivyopungukiwa matangazo. Mpango wenyewe hauhitaji mtaalamu wala kompyuta, unaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ila lazima utokane na jinsi mji huu unavyoishi: nani amehamia, fedha inaingia mifukoni lini, watu wanapita njia ipi kwenda kazini na kurudi. Mpango ulionakiliwa kutoka Kariakoo hautafanya kazi mtaa wa Kisasa hapa Dodoma.

Tuanze na nani amehamia. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miongo mingi wizara zilibaki Dar es Salaam na mji ukawa unachangamka zaidi wakati wa Bunge. Mwendo ulibadilika mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote inahamia. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu hapa watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Ndani ya miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya 350,000, baadhi wamezaliwa, wengi wamekuja na mabegi.

Tumezoea kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika Dodoma ya zamani hilo lilikuwa na ukweli mwingi. Fundi mzuri wa Majengo alijulikana hadi Kikuyu na Chang'ombe kwa sababu watu waliishi pamoja kwa miaka, wakisali pamoja na kuzikana. Mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mwezi uliopita na kupanga nyumba Ilazo hana jirani wa kumuuliza fundi friji. Anafungua ramani ya Google kwenye simu, au anauliza kwenye grupu la WhatsApp la ofisini. Kwa mtu huyo, duka lisiloonekana kwenye ramani ni kama halipo. Kuliweka huko ni bure: jina, namba ya simu, saa za kufungua, picha ya mbele ya duka inayoonesha rangi ya mlango na kilicho jirani yake. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, mitaa mingi ina vibao vyenye majina na nyumba zina namba. Ni ajabu jinsi wafanyabiashara wachache wanavyozitumia. Bado tunaelekezana "ukifika pale pa mama Juma kata kushoto", na mgeni hamjui mama Juma.

Sasa kalenda, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi za matangazo zinapopotea.

Dodoma ni mji ambao mfuko wake hujaa na kupungua kwa tarehe zinazojulikana. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Kwa miezi hiyo nyumba za wageni zinajaa, migahawa inajaa, madereva wa bajaji wanafanya kazi hadi usiku, na maofisa wa taasisi kutoka mikoani wanaingia na kutoka. Mikutano mingine ya Bunge ni mifupi, lakini nayo tarehe zake hutangazwa. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa 30 Juni, na Julai mji unapumua. Anayefungua mgahawa Julai kwa sababu aliuona mji ulivyochangamka Mei, akakopa kwa hesabu za Mei, atakutana na miezi migumu mwanzoni kabisa mwa biashara yake.

Kuna kalenda ya pili, ya vyuo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na kuna Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na vingine. Mwanafunzi mwenye mkopo hupokea fedha ya kujikimu kwa awamu, wenyewe huiita bumu. Siku bumu linapoingia, saluni, maduka ya viatu na wauza chipsi karibu na vyuo wanajua bila kuambiwa. Wiki tatu baadaye mwanafunzi yuleyule anatafuta wali maharage wa bei ya chini kabisa. Ofa ya kusuka nywele iliyotangazwa wiki hiyo ya tatu ni fedha iliyotupwa. Ile iliyotangazwa siku mbili kabla ya bumu inaikuta akili ya mteja imeshaanza kupanga matumizi.

Kalenda ya tatu ni ya mshahara. Watumishi hulipwa siku zinazokaribiana kila mwezi, na siku zinazofuata ndizo za kulipa madeni dukani, kununua unga wa mwezi, kuagiza gesi. Wapo pia wenye familia Dar es Salaam ambao tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, Ijumaa jioni hawapo. Mwenye biashara ya chakula maeneo ya ofisi anapaswa kujua kwamba Jumamosi yake si ya watumishi, ni ya watu wengine: mafundi wa nyumba, waendao sokoni, wanaotoka kwenye harusi. Akitaka kuwauzia, apike kinachowafaa wao.

Halafu iko kalenda ya zamani kuliko zote, ya mvua na mavuno. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mkulima wa Kongwa, Bahi au Chamwino akiuza mahindi, alizeti au mtama ndipo anapokuja mjini kununua bati, godoro na sare. Zabibu nazo zina misimu miwili kwa mwaka. Nane Nane inakusanya watu viwanja vya Nzuguni mwanzoni mwa Agosti, wakati ambao Bunge la bajeti limekwisha na wengi mjini wanalalamika kwamba biashara imekauka. Wanaojua kalenda hii huhamishia macho yao soko la mahindi la Kibaigwa na Nzuguni miezi hiyo, hawakai wakisubiri wabunge.

Nichukue mfano wa fundi cherehani, tuseme wa Chang'ombe, ili ionekane ukurasa mmoja wa daftari unavyofanya kazi. Fundi wa namna hii anashona kila kitu: magauni, suruali, mapazia, sare. Ukimuuliza mteja wake ni nani atasema yeyote anayekuja. Hapo hakuna cha kupanga. Lakini mwambie afungue daftari la oda la mwaka jana na ahesabu. Kwa mafundi wengi wa mitaa ya familia, Desemba na Januari hubeba sehemu kubwa ya mwaka kwa sababu ya sare za shule. Basi mwaka wake unaanza Novemba.

Shule hufunguliwa Januari. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutoka kabla ya hapo, na kila shule ina fomu ya kujiunga inayotaja sare: rangi ya sketi, marinda yawe mangapi, sweta la rangi gani, fulana ya michezo iweje. Wazazi wanazunguka na fomu hizo wiki ya mwisho wakiwa na presha. Fundi mwenye mpango anazikusanya mapema fomu za shule nne au tano zinazochukua watoto wa kata yake, anashona sampuli moja ya kila shule, na kuzitundika mbele ya fremu zikiwa na kikaratasi kimoja: jina la shule, bei, na siku ya kukabidhi. Anapiga picha hizohizo na kuziweka kwenye stetasi. Anawatafuta wazazi 30 walioshona kwake mwaka uliopita, maana mtoto aliyekuwa darasa la tano mwaka jana amekua na sketi imepanda juu ya magoti. Hao ndio wa kwanza kuambiwa. Mpango mzima umegharimu vitambaa vya sampuli na muda wa jioni mbili.

Ukurasa wake unasomeka hivi: wazazi wa Chang'ombe na mitaa ya jirani; sare za shule tano; kuanzia katikati ya Novemba; sampuli mlangoni, stetasi na simu kwa wateja wa zamani; oda 80 kabla ya Krismasi. Huo ni mpango wa masoko kamili. Ana mtu, ana bidhaa, ana wakati, ana njia, ana namba ya kujipima nayo.

Ninatia mkazo kwenye namba kwa sababu matangazo yasiyohesabiwa ndiyo yanayowatajirisha wachapishaji wa mabango. Mama lishe anayeuza sahani kwa Sh3,000, akishatoa mchele, mafuta, mkaa na ujira wa msaidizi, tuseme anabaki na Sh700. Akilipa Sh35,000 kusponsa tangazo, anahitaji kuuza sahani 50 za nyongeza ndipo arudishe alichotoa, na hapo bado hajapata hata shilingi moja ya faida. Je, sahani 50 zilitokana na lile tangazo? Hajui, hakumuuliza mtu.

Fedha hiyohiyo ingeweza kwenda njia nyingine. Sahani 10 za kuonjesha zinamgharimu Sh23,000. Anazipeleka ofisi moja iliyo mita 200 kutoka jikoni kwake, wiki ya mshahara, saa saba kamili, zikiwa moto, na karatasi yenye namba ya simu na chakula cha kila siku ya wiki. Walioonja kesho yake wana njaa tena, tena wako palepale. Wiki inayofuata anahesabu wangapi wameagiza. Wakiwa wanne wanaoagiza kila siku ya kazi, hiyo ni sahani 20 kwa wiki, faida Sh14,000, na katika wiki mbili gharama imerudi. Wakiwa sufuri, ameshajua kwa Sh23,000 kwamba ama chakula chake kina kasoro, ama ofisi ile ina kantini yake, na anakwenda ofisi nyingine.

Njia ya kuhesabu ni swali moja kwa kila mteja mgeni: umetujuaje? Andika jibu kwenye daftari pembeni ya mauzo. "Nimepita", "nimeelekezwa", "ramani", "stetasi". Baada ya mwezi jumlisha. Wenye lipa namba wana msaada zaidi, kwa sababu taarifa za miamala zinawaonesha siku na saa fedha zinapoingia, na anayelipa mara ya tatu anaonekana. Nimewaona watu wakigundua kwa daftari tu kwamba wateja wao wengi wameelekezwa na dereva bajaji wa kijiwe fulani. Basi mpango wao mwema kuliko yote ni kumtunza yule dereva: chai ya asubuhi, na shukrani inayoeleweka kila anapoleta mtu.

Kwenye WhatsApp kuna jambo ambalo wengi wanalipita. Ujumbe wa brodikasti unakwenda kwa watu wasiozidi 256 katika orodha moja, na unamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Stetasi nayo hivyohivyo, asiyekuwa na namba yako haioni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na namba 400 za wateja, akatuma tangazo kila asubuhi, na likawafikia watu 60. Kazi ya kwanza kwa hiyo inafanyika kaunta, mteja akiwa bado amesimama: "Naomba useve namba yangu, dada, nikipata mzigo mpya nikujulishe." Anayekubali umempata. Asiyetaka usimlazimishe, na namba aliyolipia usiitumie kumtumia matangazo bila kumwomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, nayo haikumwacha nje mwenye duka dogo.

Ujumbe wenyewe uwe na kazi. "Karibuni wateja wetu wapendwa, tunatoa huduma bora kwa bei nafuu" haumwambii mtu chochote, maana kila mtu mjini anasema hivyo. Linganisha na huu: "Habari za asubuhi. Leo kuna wali, samaki na mlenda. Ukiagiza kabla ya saa nne, chakula kinafika ofisini kwako kabla ya saa saba. Unalipa ukipokea." Mistari minne, na mtumishi aliyeko kikaoni ameshajua ale nini, aagize lini na alipeje. Ukituma ujumbe wa namna hii siku za kazi tu, watu hawauzimi. Ukituma picha za "asubuhi njema" zenye maua mara tatu kwa siku, utanyamazishwa, na siku una jambo la maana hakuna atakayeliona.

Juu ya punguzo la bei sina mengi. Litolewe kwa sababu inayosemeka, kama mzigo unaokaribia kuharibika au oda ya watu 10. Punguzo la kila wiki linamfundisha mteja kwamba bei yako ya kawaida ni ya kumwibia.

Na anayetaka kuuzia taasisi za Serikali asipoteze fedha kwenye bango la barabarani. Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, na pa kuanzia ni kujisajili huko na kuwa na nyaraka zake kamili.

Lipo jambo linaloniuma zaidi ya mabango. Tunatangaza, mteja anakuja, kisha tunamwambia "njoo kesho". Kila mtu mjini hapa ana nguo iliyowahi kukaa kwa fundi wiki tatu, au oda ya keki iliyofika sherehe imeanza. Katika mji wa watu waliohamia juzi, ambao wanaulizana kwenye magrupu ya ofisi kila siku, "njoo kesho" moja inasomwa na watu 100 kabla ya jua kuzama. Fundi wa sare niliyemtaja akichukua oda 80 huku mikono yake inaweza 50, mpango wake mzuri umemharibia jina mbele ya wazazi 30. Ndiyo maana ile namba kwenye ukurasa haina budi kutokana na uwezo wa cherehani, ndipo itazame tamaa ya mauzo. Ikibidi, funga kupokea oda tarehe 15 Desemba na uandike hivyo mlangoni. Watakaokosa mwaka huu watawahi mwaka ujao.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wenye muda, na mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi soko la Sabasaba kununua mboga hana nafasi ya kuandika mipango. Nalikubali hilo kwa sehemu. Uchovu ni wa kweli. Lakini mtu huyohuyo ndiye anayepoteza zaidi tangazo likikosea, kwa sababu Sh35,000 kwake ni mtaji wa siku mbili. Ukurasa mmoja kila baada ya miezi mitatu ni saa moja ya Jumapili jioni, na mtoto wa sekondari anaweza kushika kalamu mama akisema.

Ndiyo maana nina neno kwa maofisa maendeleo ya jamii wa jiji na wilaya zetu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vinaandika maandiko ya mradi, vinataja mashine, malighafi na faida itakayopatikana. Ongezeni hitaji moja kabla ya kuidhinisha: kikundi cha sabuni ya maji kitengeneze lita 20 kwa fedha yake, kiziuze mtaani kwa wiki mbili, kilete daftari linaloonesha nani alinunua, alijuaje, na wangapi walirudi kununua tena. Chenye wateja 12 waliorudi kipewe mkopo kabla ya chenye andiko zuri na mteja sufuri. Afisa naye akienda kukagua, asiishie kutazama mashine. Achukue namba tatu kwenye lile daftari, awapigie wenyewe, awaulize kama sabuni imekwisha na wameagiza nyingine.